Gia Iko Kushoto

Jumatano, 5 Machi

Kuna vitu viwili nilivyopoteza bila ridhaa yangu. Cha kwanza ni pikipiki ya Baba. Miaka kumi na minne iliyopita, siku ya kumi na moja baada ya mazishi, kaka yangu alinitumia ujumbe kwamba ameshaiuza. Na Baba alikwishasema mbele ya Mama, kwa kinywa chake: Kaka arithi karakana ya viatu, mimi nirithi pikipiki. Cha pili ni kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Hicho nimekipoteza juzi Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kwenye taa za njia panda, hatua mia mbili na kumi kutoka mlango wa karakana yangu.

Daftari hili sikulitafuta. Daktari wa mifupa ameniambia niandike maumivu kila siku, kuanzia sifuri hadi kumi. Leo ni saba. Lakini ukurasa una mistari ishirini na nane, na namba moja haijazi hata mstari mmoja. Mimi sijazoea kutupa kitambaa kilichobaki. Nitaujaza.

Ilikuwa hivi. Nilivaa raba za turubai, zile za kamba ndefu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku kucha na lami ilikuwa kama imepakwa sabuni. Njiani, kitanzi cha kamba ya raba ya kushoto kikajipachika kwenye pedali ya gia. Sikuhisi kitu. Taa ikawa nyekundu, nikasimama, nikashusha mguu wa kushoto nikanyage chini kama ninavyofanya kila siku. Mguu haukushuka. Pikipiki yenye kilo mia moja tisini na tano ikaniegemea taratibu, kwa adabu zote, kama mgeni aliyeshikwa na usingizi, ikanilalia.

Watu walikuja mbio wakainyanyua pikipiki kwanza, mimi baadaye. Siwalaumu. Ni nzuri. Imetoka kiwandani miaka mitano tu iliyopita lakini ina sura ya zamani: tangi la duara, taa moja ya mviringo kama jicho la bundi, ekzosi ndefu inayong'aa, kiti bapa nilichokishona mwenyewe. Ni kijana aliyevaa koti la babu yake, na koti likamkaa. Niliinunua kwa jasho langu. Nilianza kazi ya kushona viti nikiwa na sindano moja ya mkono. Leo nina mashine tatu, nashona viti vya magari, vya pikipiki, vya vyumba vya kusubiria hospitalini, na wateja wananiita Mama Futi kwa sababu futi kamba haitoki shingoni mwangu. Kwa wateja hao ninakwenda na pikipiki. Bila pikipiki mimi ni fundi anayesubiri kufuatwa, na fundi wa kusubiri kufuatwa huliwa na wenzake.

Wiki nane bila kuendesha. Nimeshahesabu: tarehe 28 Aprili.

Ijumaa, 7 Machi

Saba. Mvua kutwa. Mume wangu kauliza kama sasa nitaiuza pikipiki. Nikamwuliza kama na yeye anauza magoti yake, maana yanamuuma tangu mwaka juzi.

Jumatatu, 10 Machi

Sita. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Sita. Nimekaa kitako nikafikiri. Kosa si la mvua, mvua inafanya kazi yake. Kosa si la pikipiki. Kosa ni la kiatu, na kiatu nilikichagua mimi. Basi kazi ya msimu huu ni moja: mvua zisikatike kabla sijapata buti.

Ninajua ninachotaka. Ipande juu ya kifundo vidole vinne, na pale kwenye mifupa miwili ya pembeni iwe na mto mgumu. Isiwe na kamba inayoning'inia, zipu ya ndani inatosha. Kisigino kifupi, milimita ishirini na tano mpaka thelathini, cha kushika chuma cha kukanyagia bila kunasa. Soli iume lami iliyolowa na isiogope oili. Ndani ya soli upite ubapa wa chuma, usiruhusu kile chuma cha kukanyagia kiusugue unyayo baada ya saa mbili za safari. Juu ya vidole pawe na kipande cha ngozi cha ziada, mguu wa kushoto, kwa sababu hapo ndipo pedali ya gia inapogusa kila unapopandisha gia, mara mia kwa siku. Na ncha iwe nyembamba ya kupita chini ya pedali hiyo.

Nyembamba kiasi gani? Nilimtuma mume wangu nje akapime nafasi. Karudi akasema, "Sentimita tano hivi."

"Hivi ni ngapi?"

"Hivi ni hivi, Mama Futi. Kunanyesha huko."

Nikaenda mwenyewe, nikirukaruka kwa mguu mmoja na mkongojo. Milimita hamsini na nne.

Na zifanane na pikipiki. Anayetaka kucheka acheke. Koti la babu halivaliwi na ndala.

Jumanne, 18 Machi

Tano. Tumekwenda dukani kwa yule bwana ambaye mtaa mzima unamwita Punguzo. Viatu vimejaa mpaka darini, na kila kimoja kimebandikwa karatasi nyekundu.

"Karibu mama, karibu baba! Buti za pikipiki? Hizi ndizo wanazovaa watu wa mashindano. Punguzo ni leo tu."

"Na jana?"

"Jana nalo lilikuwepo. Lakini si mlichelewa?"

Plastiki tupu, imejaa mabega na vibati kama kobe. Nikajaribu mguu wa kulia, maana wa kushoto ungali na plasta ngumu. Kifundo hakikunji. Kwenye pikipiki ya mashindano unalala kifudifudi, miguu umeikunja nyuma, sawa. Mimi ninakaa wima kama niko kwenye kiti cha kinyozi, chuma cha kukanyagia kiko chini yangu, na mguu lazima ukunje ili ufikie gia. Nikatoa futi kamba. Ncha: milimita sitini na tatu.

"Mama, unapima kiatu kama unapima kabati," Punguzo akasema.

"Kabati likikosewa, nguo zinakunjamana. Hiki kikikosewa, ninakunjamana mimi."

Mume wangu alikuwa amezipenda nyekundu. Ati zinaonekana gizani. Nikamwambia, "Baba watoto, mimi si taa ya breki." Punguzo akacheka mpaka akaegemea rafu, na masanduku matatu yakamwangukia. Hata hivyo hatukununua.

Alhamisi, 27 Machi

Nne. Mvua. Buti za namna ya kijeshi, kwa muuzaji wa pili. Imara, sina neno. Lakini zina matundu kumi na mawili ya kamba kila upande, na kamba ndiyo iliyonitia hapa nilipo. Ncha ina kikombe cha chuma, milimita sitini na moja. Nimemrudishia na asante yake.

Jumatano, 2 Aprili

Nne. Plasta imetolewa. Mguu umekonda: shavu la mguu wa kushoto limepungua sentimita tatu na nusu kulinganisha na mwenzake. Daktari, mwanamke mkavu anayesema kama anayekata uzi, akaugeuzageuza mguu wangu.

"Umeunga vizuri. Ukiuvunja tena hapahapa, nitatia vyuma, na kukunja sahau. Utatembea, lakini kuendesha basi."

"Kwa hiyo nisiendeshe?"

"Nimesema usiuvunje. Kuendesha ni juu yako. Utavaa nini?"

Nikamweleza buti yangu, kipengele kwa kipengele. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema nikizipata nimpelekee azione kabla sijawasha injini. Huyo ndiye mtu wa kwanza mwaka huu aliyeniuliza swali la maana.

Jumamosi, 5 Aprili

Tatu. Nilidhani nimefika. Buti za kahawia, zipu ya ndani, ncha milimita hamsini na mbili, sura kama zilizaliwa siku moja na pikipiki yangu. Muuzaji akaapa ni ngozi halisi. Nimezileta nyumbani, nikanusa. Ngozi ina harufu yake, siwezi kudanganywa. Nimeishika miaka ishirini na mitatu. Nikachukua kisu cha kufumulia mishono nikachana kidogo chini ya ulimi wa kiatu. Kitambaa, juu yake rangi, juu ya rangi maneno ya muuzaji.

Nimemrudishia pamoja na ule mchano. Alitaka kubisha. Nikamwekea maji nusu kikombe ndani ya ncha ya buti tukakaa tukitazama, mimi na yeye na wateja wake wawili. Dakika nne. Yalipoanza kutokea kwenye soli, akafungua droo akanihesabia pesa zangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Tatu. Mume wangu alisubiri mpaka nimeshiba. "Mama Futi, duniani kuna mtu mmoja tu wa kukushonea hizo buti, na wewe unamjua."

"Simjui."

"Mmenyonya ziwa moja."

Basi naandika, maana daftari halina mdomo wa kwenda kusema. Kaka amenizidi miaka sita. Anashona viatu kwenye karakana ya Baba, meza ileile, kalibu zilezile za mbao za kuundia viatu. Mikono yake ni ya Baba kabisa, hilo hata adui hawezi kumnyima. Miaka hii kumi na minne tumekutana kwenye harusi tisa na misiba sita. Nasema shikamoo, anasema marahaba, kila mmoja anatafuta kiti chake. Sijamwuliza aliiuza kwa nani. Yeye hajaniambia. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na tano, uwanja wa shule, Jumapili, yeye akikimbia pembeni na kofia mkononi. Kaka hakutaka kujifunza. Alisema chuma kinampa kichefuchefu. Kisha kitu ambacho hakukitaka akakiuza, kitu ambacho mimi nilikitaka kuliko vyote.

Sitakwenda.

Jumatano, 9 Aprili

Mbili. Mvua. Wateja wawili wamekwenda kwa fundi mwingine kwa sababu sikuweza kuwafuata kuchukua vipimo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mbili. Nimekwenda.

Karakana haijabadilika: dirisha moja, harufu ya gundi na nta, kalibu zimepangwa ukutani jozi jozi kama familia inapigwa picha. Kaka alikuwa ameinama juu ya kiatu cha mtoto, sindano mbili zikipishana. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Sikuwa nimeziona, maana harusini huvaa kofia.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba." Akatazama mkongojo, si uso. "Nilisikia."

"Ulisikia na hukuja."

"Ungenifungulia?"

Kabla sijajibu, wifi akatokea mlango wa nyuma na sufuria mkononi. "Haa! Leo jua litatokea magharibi! Wifi, karibu, kaa, usikae hapo, hapo pana gundi, aliwahi kukaa mteja tukamwuzia na stuli yake."

Tukacheka wote watatu, kisha tukakumbuka kwamba hatuchekeani.

Nikamwambia Kaka ninachotaka, pamoja na kipande cha ziada juu ya vidole, pale pedali ya gia inapogusa. Nikaanza kumtajia vipimo: kisigino ishirini na nane, ncha isizidi hamsini na mbili. Akainua mkono. "Futi yako iweke shingoni. Mguu haupimwi kwa namba. Lete hapa." Akauchukua mguu wangu mbovu akauweka gotini pake, akazungusha uzi, akafunga fundo kila mahali alipotaka kukumbuka. Mafundo tisa. Alipofika kwenye kifundo akalegeza vidole. "Panauma hapa?"

"Hapana." Palikuwa panauma.

"Uwongo wako haujabadilika. Hapo nitaweka tabaka mbili." Akaandika kitu kwa chaki juu ya meza. "Na pikipiki yenyewe ni ya namna gani?"

Sikutaka maelezo marefu na mtu aliyeuza ya kwangu. Nikasema, "Kama ile ya Baba."

Akaanza kuukunja ule uzi wa mafundo. Aliukunja polepole mpaka wifi akaangalia ndani ya sufuria kama jibu liko humo. Kisha akasema, "Haya. Wiki mbili."

Jumanne, 15 Aprili

Mbili. Mvua imenyesha saa kumi na moja mfululizo.

Jumatatu, 21 Aprili

Moja na nusu. Mume wangu anasema nusu haimo kwenye maagizo ya daktari. Imo kwenye mguu wangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Moja asubuhi, tano jioni. Hiyo tano ya jioni si ya mguu.

Nimezichukua buti. Sitapunja sifa, hata kwa hasira. Kahawia iliyoiva, ngozi nzito iliyopikwa kwa nta mpaka maji yanaviringika juu yake kama ushanga. Kifundo kimekumbatiwa pande zote mbili. Zipu ya ndani imefunikwa na ulimi wa ngozi. Nimepima, bila shaka nimepima: kisigino ishirini na nane kamili, ncha hamsini na moja. Yeye na uzi wake wa mafundo. Nilitembea nazo mpaka kwa daktari, akabonyeza kila mahali kwa dole gumba, akasema neno moja: "Hizi." Nilirudi nyumbani kama niliyepewa cheo.

Nikakaa juu ya pikipiki, injini haijawashwa, nijaribu tu. Nikatia ncha ya mguu wa kushoto chini ya pedali ya gia nikapandisha. Chuma kikagusa ngozi tupu. Nikatazama. Kile kipande cha ziada, kizuri, kimeshonwa kwa mishono midogo ya kuhesabika, kiko kwenye buti ya kulia.

Ya kulia! Mguu wa breki! Breki inakanyagwa kwa unyayo. Juu ya vidole vya kulia hapaguswi na kitu chochote duniani. Nimemwita mume wangu atazame. Katazama kushoto, katazama kulia, kasema, "Labda na yeye alikuwa na mawazo yake." Nimesema maneno ambayo sitayaandika. Amenimaliza mara mbili: kwanza pikipiki, sasa buti. Na mtu akikushonea kitu kizuri hivi halafu akakikosea, anakutia uchungu kuliko aliyekushonea kibovu, maana kibovu unakitupa.

Jumapili, 27 Aprili

Moja. Nimeamka saa kumi na mbili na jibu lilikuwa limeshakaa kitandani linaningoja.

Pikipiki ya Baba ilikuwa ya zamani kweli, si ya sura. Na zile za zamani kweli zilikuwa kinyume: gia kulia, breki kushoto. Nilijifunzia hiyo. Nilipoanza kuendesha hizi za sasa ilinichukua miezi miwili mguu kusahau. Yangu ina sura ya ile ya Baba, lakini ndani ni ya leo, na gia iko kushoto.

"Kama ile ya Baba." Ndiyo oda niliyoitoa. Maneno manne. Mimi, ninayemrudisha mteja nyumbani kwake akapime kochi mara ya pili, nimetoa oda kwa maneno manne kwa sababu ya kununa. Kaka alishona nilichosema. Fundi hana kosa.

Sijapenda kuandika sentensi hiyo ya mwisho, lakini nimeihakiki na iko sawa.

Jumatatu, 28 Aprili

Moja. Siku niliyoruhusiwa kuendesha. Nimekwenda kwa miguu.

"Kaka, gia iko kushoto."

"Kushoto?" Akaacha nyundo hewani. "Tangu lini?"

"Tangu sisi watoto. Zote. Isipokuwa ile."

Wifi alikuwa mlangoni. "Kumbe! Miaka arobaini unashona viatu vya watu hujui gia zimehama!"

"Mimi naendesha? Mimi napanda hizo?" Kaka akachukua buti ya kulia akaishika mikononi kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ana kasoro. "Lakini hapa ndipo inapogusa. Hapahapa. Nimepima."

"Umepima wapi?"

"Kichwani," akasema upesi.

Nikamwambia kosa ni langu, oda ilikuwa mbovu. Nadhani hakuwa ametegemea kulisikia neno hilo kutoka kwangu, maana aliomba nilirudie, na wifi akasema na yeye hakusikia vizuri. Nikalirudia. Basi akawa mwepesi. Ataongeza kipande kushoto, wiki moja na nusu, ngozi ya rangi hiyohiyo anayo. Nikamwambia cha kulia akitoe. Akakataa: matundu ya sindano yatabaki, maji yataingia. Kweli. Kishonwacho hakifumuliwi bila kovu.

Wakati naondoka alisema, "Barabara imelowa. Nenda polepole." Ninatembea kwa miguu, nikamwambia. "Basi tembea polepole."

Jumapili, 4 Mei

Sifuri na nusu. Mvua asubuhi, jua mchana. Mara ya kwanza tangu Machi nimeanika nguo zikakauka.

Jumamosi, 10 Mei

Sifuri.

Kilomita thelathini na nane. Nilitoka saa moja na robo, nikapita palepale kwenye taa za njia panda, na makusudi nikaomba iwe nyekundu. Ikawa. Nikasimama. Mguu wa kushoto ukashuka, kisigino kikakaa, soli ikauma lami, kifundo kikatulia ndani ya ngozi kama yai kwenye kikapu chenye majani. Dereva wa lori pembeni akapiga honi. "Mama, hizo buti unauza?" Nikamwambia mguu wake ni mkubwa na roho yake ni ndogo. Akacheka, taa ikawa kijani, nikapandisha gia: moja, mbili, tatu. Pedali ilikuwa inagusa kipande kipya katikati kabisa. Nimewafikia wateja watatu kabla ya saa sita, na mmojawapo ni yule aliyekuwa amekwenda kwa fundi mwingine.

Nikiwa njiani nilikuwa nafikiri: pengine imetosha. Miaka kumi na minne ni mingi kwa watu wawili waliobaki. Aliiuza, ikauzwa. Amenirudishia mguu. Mtu mwenye hesabu zake anaweza kulifunga daftari hapo.

Jumapili, 11 Mei

Sifuri, na sijalala vizuri.

Leo nilikuwa ninazisafisha buti. Kushoto: kipande kipya kina mkwaruzo wa safari ya jana, mmoja, umelala sambamba na ncha. Sawa. Kisha nikachukua ya kulia, ile ambayo juu ya vidole vyake hapaguswi na kitu. Nayo ina mkwaruzo.

Niliisogeza dirishani. Si uchafu. Ni alama iliyobonyea kwenye ngozi, na ndani yake pana grisi nyeusi ya zamani, ile nzito inayoganda kwenye chuma kisichosogezwa. Kitambaa hakiitoi. Kisha nikaona kwamba hata kipande chenyewe hakikushonwa katikati; kimepindishwa kuelekea ndani. Nikapima: digrii kumi na nne. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili Baba alianguka darajani, pedali ya gia ikapinda kuelekea kwenye injini, na hakuinyoosha mpaka anakufa. Alisema mguu wake umeshaizoea.

Hilo, sawa, mtu anaweza kulikumbuka. Kaka ana kichwa kizuri. Lakini ndani ya ile alama kuna mistari mitatu myembamba, imeachana milimita nne nne, kama mtu amekwaruza kwa uma. Mpira wa pedali ya Baba ulipokatika, tuliweka kipande cha bomba la maji, na bomba likafungwa kwa waya. Mizunguko mitatu. Naijua idadi kwa sababu waya niliufunga mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, na Baba alinihesabia kwa sauti.

Kichwa hakiachi alama ya waya kwenye ngozi mpya. Hii buti ilitiwa mkono ndani ikapandisha gia, mwezi uliopita.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempa mume wangu atazame bila kumwambia kitu. Kahesabu mistari: mitatu. Kavua miwani. "Usiende leo," kasema. "Leo utasema mengi."

Ni kweli. Juzi nilikuwa tayari kusamehe mtu aliyeuza. Mtu aliyeficha sijui nimweke wapi. Kuna saa nadhani alinidhulumu mara mbili, pikipiki na ukweli. Kuna saa namwona yule mzee wa nywele nyeupe, asiyeweza hata kuipanda, akiipangusa peke yake miaka kumi na minne, nashindwa kupata neno la hasira linalomtosha. Labda aliogopa itaniua. Labda hakuwa na kitu kingine cha Baba kisichohitaji kushonwa. Au labda sababu yake ni kama "hivi" ya mume wangu. Labda haipimiki kwa namba.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zimekatika, siku ya tatu leo. Barua nimeipeleka kwa mkono wangu, nimemkabidhi wifi, nikamwomba asiifungue, na kwa heshima yake akasema ataifungua tu ikichelewa kusomwa. Nakala nainakili hapa.

*Kaka, shikamoo. Buti ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na daktari amesema hivyohivyo kwa neno moja. Ahsante. Hilo limekwisha, na silichanganyi na hili.*

*Kwenye buti ya kulia kuna alama ya pedali iliyopinda, yenye grisi, yenye mizunguko mitatu ya waya. Waya ule unajua nani aliufunga. Sitaki hadithi, sitaki tukae vikao, sitaki kuambiwa nimeona vibaya. Unajua kwamba mimi huwa sioni vibaya. Kwa nini na kwa vipi tutazungumza baadaye, mwaka mzima ukipenda, na chai juu. Kwa sasa nina swali moja, na nataka jibu la neno moja.*

*Pikipiki ya Baba unayo?*

*Jumamosi tarehe 17, saa nne kamili asubuhi, nitakuwa mlangoni pako nimevaa buti zote mbili. Usinitumie ujumbe kama mara ile. Toka nje, unitazame usoni, useme ndiyo au useme hapana.*